Soma Tena, Kaka

Tarehe 5, mwezi wa pili

Kwa mjukuu wangu, mtaalamu wa udongo,

Mimi ninayeandika nina miaka themanini na tatu. Nimewazika wake wawili, wenyeviti watano wa ushirika, punda watatu, na yule daktari aliyeniambia nikiendelea na ugoro sitafika sabini. Yeye hakufika sitini. Ukiuliza hali yangu, jibu ndilo hilo. Magoti yanalalamika na macho yameingia ukungu, lakini jembe bado linanijua. Wewe je? Kifua kimepona? Unakula vizuri, au huko kituoni mnakula karatasi?

Karatasi zako amenikabidhi dereva wa gari la maziwa. Alitaka anisomee. Nikamuuliza, "Bwana, unajua mimi naitwa nani hapa?" Akacheka, akasema, "Msomi." Nikamwambia basi endesha gari lako, maziwa yasije yakaganda. Nimezisoma mwenyewe kwa siku tatu, kurasa saba, na sikuomba msaada wa mtu.

Nimeelewa hivi. Kituo chenu cha utafiti kinaomba ruzuku kwa wafadhili ili mfungue shamba darasa, wakulima waje wajifunze kulima bila kuichosha ardhi. Mnakiita kilimo endelevu. Mimi nimeendelea nacho miaka sitini na hakuna aliyeniletea fomu. Na ruzuku niliyoizoea mimi hutoka kwa Mungu, huja bila kukuuliza umri wala mteremko wa shamba. Hii ya binadamu inataka kujua mpaka mvua ya mwaka juzi! Lakini kwa kuwa ni wewe, nimekubali. Shamba la juu chukua. La kati chukua. Waambie wafadhili hawatapata udongo kama huu wakizunguka na gari mwaka mzima, na waambie nimesema mimi.

Ila kwenye ramani yenu mmechora duara jekundu bondeni, chini ya mfereji. Pale sipalimi. Nina sababu zangu. Lifuteni.

Halafu siku nyingine usiniandikie herufi ndogo kama sisimizi. Mimi husoma kwa sauti, na nikikosea neno narudishwa nyuma, na sipendi kurudishwa.

Babu yako,
Msomi


Tarehe 14, mwezi wa pili

Kwa Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona, na nakula chakula. Baba na mama wanakusalimu. Baba anasema upunguze ugoro. Nimemwambia akuandikie mwenyewe kama ana ubavu.

Herufi nimezikuza, kama unavyoona. Sasa weka ubishi kando unisikilize.

Lile duara jekundu ndilo moyo wa kazi yote. Ili tujue kama shamba darasa linaisaidia ardhi au linapiga porojo tu, lazima tuwe na kipande cha kulinganishia: udongo ambao haujaguswa na jembe wala dawa kwa miaka mingi. Nimetembelea mashamba kumi na tisa. Kila mahali pamelimwa, pamepuliziwa, pamechoka. Ni kwako tu penye kipande kilichokaa miaka arobaini hivi hivi. Mkuu wa kituo ameniambia wazi kwamba bila kipande hicho maombi hayaendi. Yasipoenda, mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, na wakulima mia na ishirini walioandikisha majina watarudi kwenye dawa zao za dukani, wakipulizia kwa kubahatisha.

Najua ni pale bondeni Babu Swali alipoanza kuugua ile homa. Baba amenisimulia kidogo, naye alisimuliwa kidogo, maana wakati huo alikuwa bado hajaanza kutambaa. Babu aliyemzaa baba yangu sikumjua. Nimekujua wewe, kaka yake, uliyemlea baba na kunilea mimi kila likizo. Kama ni heshima ya ndugu yako ndiyo inayokuzuia, mimi pia ni wake. Tutachimba kwa adabu. Mashimo sita tu, kila moja upana wa kikombe.

Na nani huyo anayekurudisha ukikosea kusoma? Si unaishi peke yako? Au umeoa kimyakimya bila kumjulisha mke mkubwa?

Mjukuu wako


Tarehe 27, mwezi wa pili

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Nimefurahi kifua kimepona. Baba yako mwambie ugoro wangu haumhusu, nilianza kuunusa kabla yeye hajaota meno.

Sijaoa. Mke ninaye ni wewe, na hata kupika hujui.

Kesho kutwa baba yako mdogo anakuja kunichukua. Nakwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, kisha nitakaa kwake majuma matatu. Wamenikataza kusoma na kuandika. Hii naiandika jicho moja limefumba na jingine linabahatisha, na bado mwandiko wangu unaushinda wa daktari wao. Nimeuona kwenye cheti. Kama kuku kapita.

Umenitajia Swali. Ni kweli alikuwa mtu wa maswali, ndiyo maana tukampa jina hilo. Ukimwambia jua limechomoza, atakuuliza umeliona ukiwa wapi. Mdogo wangu wa pekee, tumelala mkeka mmoja mpaka nikaota ndevu. Nilimpenda, lakini mtu wa namna ile anachosha. Anachosha mpaka leo.

Na hayo ya kipande cha bondeni usinibembeleze. Mimi nikisema neno nimesema, muulize yeyote. Ukichimbe. Naandika mara moja tu, sirudii. Mkataba wako Mungu ataujalia, na huyo mkuu wako mwambie umeniomba na mimi nimekujibu, basi.

Niombee jicho.

Babu yako,
Msomi


Tarehe 20, mwezi wa tatu

Kwa Babu mpenzi,

Shikamoo, na pole na jicho. Baba mdogo amesema limefunguliwa na unawagombeza wauguzi, nikajua umepona.

Ahsante, Babu. Barua yako niliisoma mara mbili, nikaibusu, nikaenda kumwonyesha mkuu. Nilijua utakubali, lakini nilidhani utanitesa mpaka mwezi wa tano.

Tulikuja juzi, mimi na wenzangu wawili wa maabara. Nyumba tuliikuta imefungwa, tukashuka moja kwa moja bondeni. Nyasi zimefika kiunoni. Ila katikati pana mduara mtupu, kama mahali palipowekwa ungo miaka mingi ukaondolewa jana. Hakuna jani. Sikuona hata sisimizi. Mwenzangu mmoja akatania kwamba hapo ndipo ulipomwagia chai yako.

Nilifikicha udongo kwenye kiganja nikaunusa, kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka sita. Unanukia ajabu, kama vitunguu saumu vilivyooza. Kwenye shimo la nne chombo kiligonga chuma. Tukasogea hatua mbili, kikagonga tena. Tulichukua sampuli, tukafukia mashimo vizuri.

Kulikuwa na jambo moja. Yule bibi jirani yako, Bibi Mizani, aliyekuwa akipima pamba ya ushirika, alikuja mpaka ukingo wa mfereji akasimama. Nikamwita aje tusalimiane. Akakataa kuvuka. Akauliza, "Msomi amewaruhusu?" Nikamwonyesha barua yako kwa mbali. Akasema, "Ameandika yeye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Majibu ya maabara yatatoka baada ya majuma mawili. Fomu lazima ifike kwa wafadhili kabla ya tarehe 30 mwezi wa sita.

Mke wako mkubwa


Tarehe 2, mwezi wa nne

Kwa mjukuu wangu,

Kabla ya salamu nijibu hili. Mikononi mlivaa nini? Umesema umefikicha kwa kiganja. Ulinawa? Ulinawa na nini, na baada ya muda gani? Nenda hospitali leo, usingoje kesho, na daktari akikuuliza umeshika nini, mwambie umeshika dawa ya zamani ya kuua wadudu wa pamba. Useme hivyo hivyo. Usiseme homa.

Sasa salamu. Nimerudi na jicho jipya, na kitu cha kwanza jicho hilo kuoneshwa ni mashimo sita.

Nani aliyekutuma? Nilikuandikia usikichimbe. Kwa mkono wangu huu! Wewe uliyesoma mpaka ukavalishwa joho, umeshindwa kusoma neno moja la babu yako? Huko chuoni ndiko walikokufundisha kuruka silabi?

Nirudishie barua yangu. Nataka niione.

Mimi babu yako


Tarehe 9, mwezi wa nne

Kwa Babu,

Shikamoo. Nimekwenda hospitali. Kiganja kilikuwa kimewasha siku nne na nikapata kichefuchefu, nikadhani ni uchovu. Wamenipima damu, wamenipa dawa, wanasema niko salama. Wenzangu walivaa glavu. Sasa mimi ndiye mwenye maswali. Ulijuaje?

Barua yako hii hapa, ile ile ya tarehe 27. Sikuifuta wala sikuongeza kitu. Sikubishii kwa kiburi, ila mimi niliona ruhusa, na mkuu aliona ruhusa. Soma tena, Babu.

Majibu ya maabara yametoka. Kile kipande kina sumu iliyopigwa marufuku kabla sijazaliwa, na nyingi sana, kiasi ambacho hakiwezi kuletwa na upepo wala maji ya mfereji. Kile chuma ni makopo. Mtu aliyazika pale.

Mkuu hajakasirika. Anasema kama wafadhili wakielezwa vizuri, bondeni penyewe panaweza kuwa sehemu ya utafiti: jinsi ya kuiponya ardhi iliyotiwa sumu. Lakini fomu, ukurasa wa tano, inataka maelezo ya mwenye ardhi, yameandikwa na yeye, na majina ya watu wanaoweza kuyathibitisha. Mkuu anadhani ni ule mradi wa pamba wa zamani, kwamba bwana shamba wao alikuja akayatupa makopo yake kwenye shamba la mkulima asiyejua lolote. Amesema ukiandika hivyo mistari minne tu, hakuna atakayeuliza zaidi. Hata huruma wataona.

Andika, Babu. Kama ndivyo ilivyokuwa.

Mjukuu wako


Tarehe 30, mwezi wa tano

Kwa Babu,

Shikamoo. Majuma saba hujaniandikia. Sijawahi kukaa majuma saba bila kutukanwa na wewe, nyumba imekuwa baridi.

Nimempigia baba mdogo, anasema ulimfungia mlango. Dereva wa maziwa ameniambia kila asubuhi akipita anakuona umekaa ukingoni mwa mfereji na karatasi mbili magotini, moja mpya na moja ya manjano, unasoma kwa sauti. Anasema unasoma neno moja, unanyamaza kama unayesikiliza, kisha unalisoma tena. Juzi alizima injini akusalimie. Anasema ulikuwa unamwambia mtu, "Nimesoma, nimesoma, niache sasa." Na hapakuwa na mtu.

Babu, unaongea na nani?

Umebaki mwezi mmoja. Siombi mistari minne tena. Naomba barua tu.

Mjukuu wako anayekupenda


Tarehe 18, mwezi wa sita

Kwa mjukuu wangu, na kwa wafadhili wa ruzuku wasiojulikana kwangu,

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi. Mjukuu wangu, leo sikutanii, na ukimaliza kusoma utaona kwa nini. Haya ndiyo maelezo ya mwenye ardhi, kama ukurasa wa tano unavyotaka. Nimeyaandika kwa siku kumi na moja. Baba yako asome kwanza, kabla ya wafadhili. Yanamhusu kuliko wao.

Mimi sikuwa najua kusoma.

Shuleni nilikaa mwaka mmoja na miezi mitatu. Nilijua kuandika jina langu na kutambua maneno ya gazetini yaliyo makubwa. Mengine nilisoma kwa kunusa. Naangalia neno linavyoanza, naangalia linavyoisha, katikati najaza mwenyewe. Watu hawakujua, kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa.

Miaka arobaini na moja iliyopita ulikuja mradi, nao ulikuwa wa ruzuku, kama huu wenu. Walileta dawa ya wadudu wa pamba. Bwana shamba alikuja kwa baiskeli, mtu mwembamba, mpole, akatukusanya kumi na wawili. Akasema anahudumia makundi tisa, hawezi kuwepo kila siku, kwa hiyo kila kundi liwe na msomaji wake. Akauliza nani anajua kusoma. Mimi mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Akanipa kofia ya kijani. Akaniambia, "Kila kopo lina karatasi yake ya maelezo. Isomeni kabla hamjachanganya. Kila mara." Alisema hivyo mara tatu. Siku hiyo ndiyo nilianza kuitwa Msomi. Kofia hiyo ninayo.

Jumatatu iliyofuata tukakutana bondeni, karibu na maji. Nikasimama juu ya tuta na kopo mkononi, kidole chini ya maneno, nikasoma: "Uchanganye kwa mkono."

Swali akanyanyuka. "Kaka," akasema, "dawa inayomuua funza ndani ya tumba la pamba, mkono wa mtu itauacha? Soma tena."

Watu wakacheka. Nikasoma tena vilevile, ila kwa sauti zaidi.

"Soma tena, kaka. Taratibu. Silabi moja moja."

Pale ndipo angeniumbua. Silabi moja moja nisingeweza. Nikamuuliza, "Kofia kapewa nani, mimi au wewe?" Watu wakacheka zaidi. Nikamwambia, "Kama unaogopa, sema unaogopa, mkeo yuko pale anasikia." Bibi yako alikuwa amekaa chini ya tuta, baba yako mgongoni. Nikasema basi mwenye maswali ndiye atakayechanganya, ya watu wote.

Swali alivua shati lake, jeupe lenye mistari ya buluu, akalikunja, akampa mkewe. Akaingiza mkono mpaka kwapani. Alichanganya mapipa manne. Kwenye la tatu alisimama akajifuta jasho la uso kwa mkono ule ule.

Mchana alianza kutokwa na mate kama mtoto anayeota meno. Mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano. Tukambeba mpaka zahanati. Muuguzi akaniuliza, "Ameshika nini?" Nikasema homa. Akauliza mara ya pili, mara ya tatu, "Ameshika nini huyu?" Nikasema homa imempanda tangu jana. Sijui kama ningesema kweli angepata la kumfanyia. Hilo ndilo sijui, na hilo ndilo ninaloulizwa. Alikufa siku ya tatu, alfajiri, akitetemeka.

Niliwaambia wenzangu dawa imeharibika, mradi umeikataza. Wakaniamini, mimi si ndiye msomaji? Yaliyobaki mapipani nikayamwaga pale pale, makopo saba nikayazika kwa mikono yangu, nimejifunga magunia. Karatasi ya kopo moja niliibandua nikaiweka. Tangu hapo sijalima bondeni. Nilipoulizwa nilisema naupumzisha udongo. Watu wakasema Msomi ana akili.

Baada ya miaka mitatu wakaleta kisomo cha watu wazima. Niliwaambia nakwenda kuwasaidia walimu. Wenzangu walianza na "baba" na "mama". Mimi nilikwenda na karatasi ya kopo mfukoni, na kila herufi niliyofundishwa niliitafuta mle. Mwezi wa nne nikaweza. U-si-cha-nga-nye kwa mkono. Usichanganye. Silabi moja nilikuwa nimeimeza. Nilitoka nje ya darasa nikatapika ukutani, nikarudi ndani, mwalimu akanisifu kwamba ninaendelea vizuri.

Toka siku hiyo ndipo Swali alipoanza. Kabla sijajua kusoma hakuwa akisema kitu. Nilipojua, ndipo akaja. Nikisoma kwa sauti gazeti, risiti, barua yako, nikifika mwisho wa mstari namsikia nyuma ya bega langu la kulia, si kwa hasira, kwa upole kama alivyokuwa: "Soma tena, kaka." Wakati mwingine nimesoma sawasawa na bado anasema. Nimejaribu kusoma kimya, akawa anakaa tu, ananingoja. Nikaona heri nisome kwa sauti.

Utataka kujua kama bibi yako alijua. Nilimtunza miaka thelathini na mbili mpaka nikamzika, na katika miaka hiyo hakunipa hata karatasi moja nimsomee. Barua za baba yako kutoka shule alikuwa akizipeleka kwa Bibi Mizani, anapita mbele ya mlango wangu amezishika mkononi. Ananipungia, anapita. Mimi nimekaa kwenye kiti, nimevaa kofia.

Sasa habari ya barua yangu ya tarehe 27. Uliniandikia nisome tena. Wewe hukujua unachokisema. Nilipoliona neno hilo kwa mwandiko wako, niliangalia nyuma. Halafu nikaisoma barua, kwa hili jicho jipya lisilo na ukungu. U-ki-chi-mbe. Nikasoma tena na tena, nikidhani nitaiona. Haipo. Nilikusudia kukukataza nikakuruhusu. Silabi ile ile imeanguka mahali pale pale, na safari hii mkono ulioingia kwenye sumu ni wako. Majuma yote haya nimekaa pale mferejini na karatasi mbili, nimemwambia nimekosea, nimemwambia yule mtoto ni wako, damu yako, mwache. Alisema neno lake lile lile.

Mkuu wako ni mtu mwema, lakini mistari yake minne siitaki. Bwana shamba yule amekwisha kufa. Nimewahi kumsingizia marehemu mmoja homa, sitaki kumsingizia mwingine makopo. Andikeni kwamba alifanya kazi yake sawasawa, na kwamba makopo yalizikwa na mwenye shamba.

Huenda kwa maelezo haya ruzuku ikakukosa. Nimelifikiria hilo kuliko yote. Nimefikiria na mkataba wako, na wale mia na ishirini. Nikaona nikiandika uongo, shamba darasa litajengwa juu ya tuta lile lile nililosimama mimi.

Ikipatikana, shamba lote chukueni, la juu, la kati na la bondeni. Nina sharti moja, na mnajua mimi nikisema nimesema. Somo la kwanza lisiwe la mbolea wala la matuta. Mwalimu ashike kopo tupu, asome karatasi yake. Kisha ampe anayefuata asome, na anayefuata. Asiyejua kusoma aseme sijui, na atakayecheka atolewe nje. Hilo liandikwe kwenye maombi kwa herufi kubwa. Wakilikata, warudishe shamba langu.

Mjukuu wangu, kiganja chako kikiwasha tena rudi hospitali. Baba yako akitaka kuja, mlango nimeuacha wazi. Asipotaka, nitajua, nitaendelea kuuacha wazi. Kofia ya kijani nimempa dereva wa maziwa akuletee pamoja na hii. Usiivae. Iweke tu mahali wanafunzi wako wataiona.

Babu yako,
kaka yake Swali

Fomu inataka majina ya watakaothibitisha. Katika wale kumi na wawili tumebaki mimi na Bibi Mizani. Muulizeni, atawaeleza mpaka mistari ya shati. Muuguzi wa zahanati bado yu hai, anaishi kwa binti yake, nyumba ya tatu nyuma ya kisima. Alijua namdanganya, na miaka yote hii ananisalimu bila kuniita Msomi. Wa tatu ni karatasi ya kopo, nimeiambatanisha, ishikeni kwa glavu. Wa nne ni barua yangu ya tarehe 27 mwezi wa pili, nayo imo humu, ili wafadhili waone kwamba mkono ni ule ule. Wakiwa na shaka, waambie wasome tena.